Misalaba Saba ya Jarida la Kijani

Frankfurt, 5 Aprili 1978

Shikamoo Bibi Alwine,

Leo naomba unijibu haraka kuliko siku zote, hata kama ni kadi yenye neno moja tu, marahaba. Sababu nitaieleza chini. Kwanza habari za huku, maana nikiziruka utanisema. Mama amepona mafua. Baba anauza vifaa vya upasuaji mpaka Darmstadt na suti yake mpya inambana tumboni. Mimi shuleni bado nakaa dirishani ili nisiulizwe kitu. Walimu wanadhani sijui Kijerumani. Wenzangu ndio wanaojua tatizo lenyewe: Kijerumani changu nilikipata kwako, ni cha zamani zile, na nikifungua mdomo wanasema naongea kama hotuba ya mazishi. Siku wakichoka kuniita Mturuki wananiita Bibi Kizee. Usimwambie Baba.

Sasa sababu. Jumamosi Baba alileta nyumbani toleo la miaka mia la Jarida la Wiki la Matabibu, lile la jalada la kijani ulilolifanyia kazi kabla hamjahamia Istanbul. Kampuni yake imeweka tangazo la koleo za upasuaji ukurasa wa mwisho, basi akaliweka mezani kando ya keki ya jibini tulione. Katikati kuna karatasi nzito ya kukunjua, imeandikwa Ukurasa wa Heshima, na chini yake majina ya wahariri wote tangu 1878. Aliyekufa amewekewa msalaba mdogo na mwaka wake. Nikasoma: Dkt. Alwine Flörsheim, magonjwa ya watoto, msalaba, 1933.

Bibi, najua. Mimi nimezaliwa 1962 na wewe ndiye uliyenifundisha kuogelea huko Istanbul. Lakini dakika ile akili ilinitoroka kabisa. Nilijifungia chooni nikakaa sakafuni. Niliamini umekufa wiki hii, kwamba wao wamekosea mwaka tu, na kwamba Baba na Mama wananificha mpaka nimalize mitihani. Nilipotoka macho mekundu Baba akautazama ukurasa, akasema ni hitilafu, Shangazi yake Alwine mwenyewe atacheka. Halafu akakata keki.

Nilirudi kuusoma peke yangu. Si wewe tu. Majina saba yana msalaba wa mwaka huo huo mmoja. Na historia ya jarida imeandikwa na Profesa Volkmar Henschke, mhariri wa heshima. Anaeleza vizuri jinsi jarida lilivyopigania maziwa safi na chanjo, akifika 1932 anasema ikafuata “miaka migumu ambayo jarida liliipita kwa heshima,” na sentensi inayofuata tuko 1949. Je, unamfahamu huyo Profesa Henschke?

Niandikie marahaba, tafadhali.

Mjukuu wako,
Sibylle


Istanbul, 19 Aprili 1978

Marahaba, mjukuu wangu. Marahaba mara nyingine, uwe na akiba.

Nimekufa vizuri, kwa mujibu wa jarida, na bado nimepanda ngazi za ghorofa ya nne na kilo mbili za viazi. Nermin wa jirani anakusalimu. Mafuta ya kupikia yamepotea madukani mtaa mzima, na yeye ameyapata kwa binamu yake, sijamuuliza yametoka wapi. Paka amezaa ndani ya kabati la vitabu. Mwambie mama yako avae soksi.

Nilimsomea Nermin habari za kifo changu nikitafsiri. Alicheka mpaka akashika ukuta, kisha nilipofika kwenye msalaba akaacha kucheka, akaniuliza, kwani nyinyi si Wayahudi? Ndiyo hivyo. Baba yangu alikuwa mweka hazina wa sinagogi pale pale Frankfurt. Wameniua na kunibatiza kwa wino mmoja.

Naelewa ilivyotokea, maana nawajua. Jarida lile lilikuwa na desturi moja: jina likishapanda kwenye jalada halishuki mpaka mwenyewe afe. Mtu akistaafu, jina linabaki. Akihamia Amerika, linabaki. Sasa kijana fulani mwenye mpangilio mzuri amekaa na matoleo ya zamani, ameona wiki moja ya Aprili 1933 majina saba yameshuka, akaenda kwa desturi. Yameshuka, basi wamekufa. Akachora misalaba na kwenda kula chakula cha mchana. Kwetu Ujerumani watu wengi wamefanya makosa makubwa kwa kufuata mpangilio mzuri.

Mimi sitafanya chochote. Sitaandika barua ya kuwaomba wanihesabu hai. Wewe soma masomo yako.

Bibi yako,
Alwine


Frankfurt, 30 Aprili 1978

Shikamoo Bibi,

Barua yako ilifika Ijumaa na nimelala nayo chini ya mto, hilo nakiri. Huku wote wazima. Mama amevaa soksi. Baba amepata mteja mpya, hospitali nzima, amefurahi mpaka anaimba bafuni.

Hukunijibu kuhusu Profesa Henschke. Nimeona.

Nina jambo la kukiri na aibu yake bado iko masikioni. Nilienda. Sikukuomba ruhusa wala sikumuaga Baba. Jumatano baada ya shule nilipanda tramu mpaka ofisi za jarida, ghorofa ya pili juu ya duka la miwani. Nilizunguka jengo mara kadhaa, nikajifanya naangalia miwani mpaka muuzaji akatoka kuniuliza naona vibaya karibu au mbali. Ndipo nikapanda.

Mhariri mkuu anaitwa Daktari Wiegand. Nilitaka awe mtu mbaya, Bibi, lakini ni kijana, anavaa sweta, alinipa kiti na sahani ya biskuti. Nilimwambia wewe ni bibi yangu na uko hai. Akashika kichwa, akasema jamani, pole sana, ni hitilafu ya kusikitisha, na watachapa sahihisho dogo ukurasa wa matangazo: “Dkt. A. Flörsheim yupo hai.” Akaniuliza kama nimeridhika.

Nilikuwa na maneno. Nilikuwa nimeyafanyia mazoezi kwenye tramu, kwa Kituruki kwanza kisha kwa Kijerumani. Nilitaka kumuuliza: madaktari saba wa ofisi moja walikufa wiki moja, na hakuna hata daktari mmoja humu aliyejiuliza ni ugonjwa gani? Badala yake nilisema asante. Nikala biskuti. Nikasema asante tena. Nikashuka ngazi na hasira, na sijui kama nilimkasirikia yeye zaidi au mimi mwenyewe.

Baba amejua, maana Daktari Wiegand alimpigia simu kumwomba radhi. Sijawahi kumwona Baba akizungumza polepole vile. Alifunga mlango wa jikoni, akaniambia, “Tumerudi nyumbani juzi tu, Sibylle. Usitufukuzishe.”

Nilitaka kumjibu kwamba nyumbani hapa ndipo ulipozikwa wewe ukiwa mzima. Lakini nilichukua taulo nikakausha vyombo. Mimi ni hodari wa kunyamaza.

Je, sahihisho dogo linatosha? Niambie linatosha, niache kuwaza.

Sibylle


Istanbul, 15 Mei 1978

Marahaba, Sibylle.

Halitoshi.

Habari ya nyumbani nitaifupisha. Watoto wa paka wamefungua macho. Goti langu linajua mvua kabla ya redio. Nermin amegombana na binamu yake, kwa hiyo mafuta hakuna.

Nilikuambia sitafanya chochote. Nilisema hivyo kwa sababu nilidhani ni jina langu peke yake lililoko mezani, na jina langu naweza kuishi bila wao, nimefanya hivyo muda mrefu. Lakini sahihisho lao linanitoa mimi kaburini na kuwaacha sita. Salli Hochstädter, aliyetibu masikio ya nusu ya watoto wa Frankfurt, walimpeleka kambi ya mateso ya Theresienstadt, akafia huko miaka kumi baadaye. Wao wanamwandikia 1933 na msalaba, kama aliyekufa kwa nimonia akiuguzwa na masista. Wamempunguzia miaka kumi ili wasilazimike kusema alikuwa wapi. Hilo siwezi kulimeza.

Hujui jarida lile lilikuwa nini, na hao wenye sweta nao hawajui. Fikiria daktari wa vijijini, huko milimani Vogelsberg, theluji imefunga barabara, mbele yake mtoto mwenye dondakoo anayekoroma, na mwenzake wa karibu yuko safari ya siku nzima kwa farasi. Mtu yule alikuwa na jarida la Alhamisi. Ndani yake kulikuwa na safu, Maswali ya Matabibu. Mwanzilishi aliweka sharti na likachapwa ndani ya jalada kila wiki: kila swali lililotiwa saini na tabibu litachapishwa, hata liwe la kijinga, pamoja na jibu lenye saini ya msimamizi wa safu. Hakuna swali linalotupwa. Watu waliuliza mambo ambayo wangeona haya kuyauliza kwa maprofesa wao. Nami nilisimamia safu ile, mwanamke pekee kwenye jalada, na nilimjibu kila mmoja kana kwamba mtoto wake yuko mapajani mwangu.

Hospitali yetu hapa iliendelea kulipokea jarida hata baada ya sisi kufika. Nililisoma. Mwaka 1935, katika safu ile ile, daktari mmoja wa kijijini aliuliza: nina msichana kiziwi wa miaka kumi na minne, mchapakazi, mwenye akili, je, kwa sheria hii mpya lazima nimripoti ili akakatwe uzazi? Akajibiwa lazima, na upesi. Katika safu yangu, Sibylle. Jibu lilikuwa na saini. Saini hiyo sitaiandika kwenye barua ya mtoto.

“Waliipita kwa heshima.”

Sasa sikiliza. Mimi bado ni tabibu, leseni yangu hai kuliko wao wanavyodhani. Karatasi ya pili iliyomo humu ni swali kwa ajili ya safu. Usilitume kwa posta, posta hupotea. Lipeleke kwa mkono. Kama huwezi, nitaelewa, na sitakupenda pungufu.

Bibi yako


(Karatasi ya pili)

Kwa msimamizi wa Maswali ya Matabibu.

Mgonjwa ni mwanamke wa miaka themanini na minne. Presha nzuri, hamu ya chakula nzuri, usikivu mzuri sana. Kwa mujibu wa toleo lenu la miaka mia, alifariki mwaka 1933. Madaktari wengine sita wa ofisi hiyo hiyo walifariki pamoja naye wiki hiyo hiyo, wote bila homa, na kesho yake viti vyao vilikuwa na watu. Naomba kujua: ulikuwa ugonjwa gani? Nani aliugua hasa, walioondoka au waliobaki? Na je, dalili zake zinaweza kudumu miaka arobaini na mitano?

Dkt. Alwine Flörsheim, tabibu wa watoto, Istanbul.


Frankfurt, 20 Juni 1978

Shikamoo Bibi,

Usidhani niliogopa kujibu. Barua yako ilifika huku mwezi uliopita, na nimeipata Jumapili. Ilikuwa mfukoni mwa koti la Baba la mvua. Alikuwa ameifungua. Mama ndiye aliyeitoa, akaiweka juu ya sahani yangu ya chakula mbele ya Baba, akaendelea kupakua supu. Baba alisema alikuwa akisubiri mkataba wa ile hospitali utiwe saini. Alikula supu yote. Mimi sikuweza.

Nilisoma habari ya yule msichana kiziwi. Alikuwa mdogo kuliko mimi kwa miaka miwili. Niliendelea kuwaza kama alielewa wanampeleka wapi, au kama kuna mtu alijisumbua kumwandikia kwenye kibao. Sikulia. Safari hii nilipata joto mwili mzima, nikajua ni hasira, na nikagundua hasira inanifaa kuliko aibu, angalau miguu inakwenda.

Nilienda Jumanne. Sikuzunguka jengo. Daktari Wiegand alisoma swali lako amesimama, akacheka kidogo, kisha hakucheka.

“Bibi yako ana utani,” akasema.

“Hana,” nikasema. “Ana miaka themanini na minne na ana haraka.”

Bibi, ni mimi niliyesema hivyo. Kwa Kijerumani cha mazishi. Alisema safu siku hizi ni ya mambo ya kitabibu tu, nikamwambia hili ni la kitabibu, limetaja presha. Akaniuliza kwa upole kama mimi si binti wa Bwana Flörsheim wa koleo, na kama Baba anajua niko pale. Niliielewa ile sauti ya upole. Nilichukua toleo la wiki hii mezani pake, nikalifunua jalada, nikamwonyesha sharti la mwanzilishi. Bado wanalichapa, Bibi, kila wiki, nadhani hawalioni tena. Nilimsomea kwa sauti. Sauti yangu ilikuwa inacheza, lakini nilifika mwisho wa sentensi.

Akasema ataliwasilisha kwa msimamizi wa safu. Nikauliza msimamizi ni nani siku hizi. Akasema kwa heshima tu, kwa jina, bado ni Profesa Henschke.

Nilishuka ngazi nikaingia kukaa kwenye duka la miwani. Muuzaji alinipa maji.

Bibi, ile saini ya 1935. Ni yake? Na kwa nini kila nikikuuliza habari zake unaniletea paka?

Baba haongei nami ila kuniomba chumvi.

Sibylle


(Kadi ya posta)

Istanbul, 3 Julai 1978

Marahaba, shujaa wangu. Mwambie baba yako Konrad kwamba nilimbadilisha nepi, na barua zangu nitaziandika kwa jina la mama yako kuanzia sasa. Paka wote wamepata wenyewe.

A.


Frankfurt, 14 Septemba 1978

Shikamoo Bibi,

Mama anasalimu, anasema likizo ya mwakani tutakuja, na safari hii hata Baba ameitikia kwa kichwa. Mitihani nimefaulu ila hesabu imenikwaruza. Kuna msichana mpya darasani, Gudrun, ana kigugumizi, na anakaa nami dirishani. Hatusemi sana. Tunasikilizana vizuri.

Limechapwa.

Nilisubiri majira yote ya joto. Daktari wa meno wa chini ya nyumba yetu hulipokea jarida kila Alhamisi, nikawa naenda kukaa chumba chake cha kusubiri kulipekua. Alishanisafisha meno mara mbili bila sababu, mwisho akaniambia binti, meno yako yamekoma kuchafuka, unatafuta nini? Nikamwambia ukweli. Wiki zilizofuata akawa ananitolea nje kabla wagonjwa hawajalishika.

Lakini leo aliyenipa ni Baba. Alirudi kazini mapema, akasimama mlangoni mwa chumba changu na koti mwilini, jarida limefunguliwa ukurasa wenyewe. Alikaa ukingoni mwa kitanda nikisoma. Swali lako lipo zima, hawakupunguza neno. Chini yake kuna jibu, nalinakili lilivyo:

“Nilikuwepo. Madaktari hawa saba hawakufa mwaka 1933. Walifukuzwa kwa kuwa ni Wayahudi, na sisi tuliobaki tulikaa kwenye viti vyao. Safu hii niliipokea mimi. Ugonjwa haukuwa wao. V. Henschke.”

Basi. Hakuna zaidi. Chini yake ni swali la mtu kuhusu upele wa mikono.

Nililisoma mara nyingi mpaka Baba akaniomba alisome tena. Alipofika kwenye saini ya swali akapitisha kidole juu ya jina lako. Kisha akasema anadhani kampuni inaweza kutangaza koleo zake mahali pengine, na akaenda kuvua koti. Ndiyo maneno mengi zaidi aliyoniambia tangu Juni.

Bibi, tumeshinda, sivyo? Daktari Wiegand alipiga simu jioni hii. Alisema baadhi ya madaktari wazee wameshapiga simu, wengine wamekasirika na kusema hawalitaki tena jarida, mmoja wa Vogelsberg amesema kwamba anakumbuka majibu yako. Na akasema Profesa Henschke anaomba anwani yako. Anataka kusafiri kuja Istanbul mwezi Novemba, akuone. Ni mzee sana na anatembea kwa fimbo. Sikutoa anwani, nimesema nitakuuliza. Lakini nakiri nilimwonea huruma kidogo. Kuandika vile mbele ya Ujerumani nzima, huoni ni ujasiri?

Nijibu hili. Usinipe paka.

Sibylle


Istanbul, 2 Oktoba 1978

Marahaba, Sibylle wangu.

Habari za nyumbani zitasubiri leo.

Umeniuliza mara tatu kuhusu Volkmar Henschke na mara tatu nimekukwepa, maana nilikuwa bado naona haya kwa niaba yake, na haya ya mtu mwingine ni mzigo wa kijinga kuubeba. Alikuwa msaidizi wangu. Mimi nilimfundisha kujibu maswali. Nilimwambia, mjibu daktari kana kwamba mtoto yuko mapajani mwako. Ndiyo, saini ya 1935 ni yake.

Wala hahitaji anwani yangu. Anayo. Mwaka 1961 alikuja hapa kwenye mkutano wa madaktari, akapiga kengele mlangoni na maua mkononi. Nilimkaribisha. Nilipika biringani zilizojazwa nyama, akala, akaomba aongezewe, nikamwongezea. Alikaa kiti cha dirishani. Alizungumza juu ya feri, juu ya hali ya hewa, juu ya bei ya nyumba Frankfurt. Alisifu sana Kijerumani changu kwamba hakijaharibika. Kijerumani changu! Nami jioni nzima nilisubiri sentensi moja. Wakati wa supu nilijiambia ataisema kwenye nyama. Kwenye nyama nikajiambia ataisema kwenye matunda. Alipovaa kofia nilishika kitasa cha mlango nisimfungulie, nimpe nafasi ya mwisho. Akasema biringani zilikuwa tamu sana.

Kwa hiyo mwaka huu alipoukagua ukurasa ule na kuona msalaba mbele ya jina langu, alijua niko hai. Alikuwa amekula kwangu. Akaona ni rahisi zaidi nikiwa nimekufa, akauacha upite.

Unaniuliza kama ni ujasiri. Umeona urefu wa jibu lake? Lingeenea kwenye kadi ya posta. Miaka arobaini na mitano alikuwa amebeba kitu kidogo hivyo, na hakuweza kukitua mezani kwangu kati ya mlo na matunda. Ilibidi msichana wa miaka kumi na sita mwenye haya apande ngazi mara mbili kumnyang'anya. Ujasiri wako naujua. Wake bado unadaiwa. Na soma tena alichoandika. Kiti amekitaja. Yule msichana kiziwi hakumtaja. Amekiri alichokalia, hajakiri alichokifanya akiwa amekaa.

Umeshinda wewe, hilo kweli, na usimruhusu mtu akupunguzie. Majina sita yametoka chini ya misalaba ya uongo. Hochstädter amerudishiwa miaka yake kumi, hata ile mibaya, ilikuwa yake. Na Konrad, mwambie nimesikia habari ya koleo, na kwamba akija mwakani atakuta kitanda chake cha utotoni bado kifupi.

Ama kuhusu Profesa. Mwambie Daktari Wiegand kwamba anaweza kuja Novemba. Nermin atakuwepo. Hajui neno la Kijerumani lakini mtu akidanganya anamjua kwa mabega. Atakaa kiti kile kile cha dirishani, avue kofia, na aseme majina yetu saba kwa sauti, moja moja, na baada ya kila jina aseme alipokwenda. Kisha amtaje yule msichana. Kama jina lake hakuwahi kulijua, basi aseme hilo, kwamba hakuwahi hata kuliuliza.

Sitapika. Akimaliza ndipo tutajua kama kuna chai.

Bibi yako aliye hai,
Alwine